Joe Louis na deni la kodi lililomrudisha ulingoni

Waulize wapenzi wa ngumi kwa nini Joe Louis, aliyeshika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mfululizo kwa muda mrefu kuliko bondia mwingine yeyote, aliishi uzee wake akidaiwa. Wengi watakujibu kwamba aliwachangia wanajeshi wa nchi yake malipo ya mapambano mawili, kisha serikali ile ile ikamtoza kodi juu ya sadaka yake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ni hadithi inayouma vizuri. Ila ukiziweka tarakimu mezani halitoshi. Pesa alizozitoa hazikufika hata robo ya deni alilokabidhiwa mwaka 1950. Sehemu kubwa ya deni ilitoka kwingine, na ilijengwa taratibu na watu waliompenda, watu waliomtumia, na yeye mwenyewe.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi, maana sifa zake zinajulikana. Joseph Louis Barrow alizaliwa tarehe 13 Mei 1914 karibu na LaFayette, Alabama, katika familia iliyolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Mwaka 1926 wakahamia Detroit. Mama alitaka mwanawe ajifunze fidla. Pesa za masomo hayo zikaishia kwenye ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Mameneja wake wawili, John Roxborough na Julian Black, walikuwa watu weusi wenye pesa zilizotokana na bahati nasibu za mitaani, na kocha wake, Jack Blackburn, alikuwa bondia wa zamani. Walimwekea masharti makali ya mwenendo: asipige picha na mwanamke mzungu, asimcheke mpinzani aliyelala chini, asionekane akijivuna. Marekani ilikuwa bado haijamsamehe Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi, na hao wazee walijua hilo.

Pambano la kwanza la kulipwa lilikuwa Julai 1934. Miaka mitatu baadaye, tarehe 22 Juni 1937, alimwangusha James J. Braddock katika raundi ya nane huko Chicago, akawa bingwa. Mwaka mmoja kamili baada ya siku hiyo, katika uwanja wa Yankee, alimlipiza Mjerumani Max Schmeling, aliyekuwa amempiga mwaka 1936, kwa kummaliza ndani ya sekunde 124. Alitetea ubingwa mara 25 na kuushika karibu miaka 12. Rekodi yake ya mwisho ni ushindi 66 na kushindwa mara 3, na kati ya ushindi huo 52 ni kwa KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea.

Kuna jambo dogo katika pambano la Braddock ambalo kwangu ni kubwa. Braddock alikubali kumpa Louis nafasi kwa sharti: apate asilimia 10 ya faida ya promota Mike Jacobs kutokana na mapambano ya ubingwa wa uzito wa juu kwa miaka kumi. Yaani aliyepigwa usiku ule aliondoka na mkataba ulioandikwa, wenye asilimia na muda, juu ya mapambano ya kijana aliyempiga. Aliyeshinda alikuwa na ahadi, na promota aliyempa pesa kila alipoomba.

Hapo ndipo deni lilipoanzia. Jacobs hakuwa mnyimivu. Louis alipotaka kuinunulia familia nyumba, Jacobs alitoa. Alipotaka magari, ada za shule za ndugu, mtaji wa biashara, Jacobs alitoa, kisha akaandika kwenye daftari lake kuwa ni malipo ya awali ya pambano lijalo. Kwa hiyo kila pambano liliingia ulingoni likiwa limekwisha kuliwa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na Louis alikopa harusi nyingi mfululizo kwa sababu aliyekuwa akimkopesha ndiye aliyepanga siku ya kupigana.

Na pesa zilitoka kwa kasi. Alianzisha au kuweka jina lake kwenye mgahawa, kampuni ya bima, kampuni ya maziwa, mafuta ya nywele, kinywaji, timu ya mpira laini, shamba la farasi na ukumbi wa starehe wa Rhumboogie huko Chicago. Zote zilikufa. Alipenda gofu, na alicheza gofu kwa kuweka dau. Alirudisha kwa jiji la Detroit msaada ambao familia yake ilipokea wakati wa mdororo wa uchumi, karibu dola 270, jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha. (Braddock naye aliwahi kurudisha msaada wa namna hiyo. Wanaume wale wawili wangeelewana sana nje ya ulingo.)

Sasa twende mwaka 1941, kwa sababu nadhani ndio mwaka ambao wasimulizi huuruka. Mwaka huo Louis alitetea ubingwa mara saba. Waandishi waliwadharau wapinzani wake wengi, lakini Juni alikutana na Billy Conn, aliyekuwa akiongoza kwa pointi hadi alipoangushwa katika raundi ya 13. Malipo ya mapambano saba ni mapato makubwa. Wakati huo Marekani ilikuwa haijaanza kukata kodi ya mapato moja kwa moja kwenye mishahara. Utaratibu huo ulikuja mwaka 1943, na hata ulipokuja haukuwagusa watu kama mabondia wanaojiajiri. Mtu alipata pesa mwaka huu, kodi yake ikaanza kudaiwa mwaka unaofuata, kuanzia katikati ya Machi. Kodi ya mapambano yale saba, basi, ilisubiri Machi 1942.

Lakini Januari 1942 Louis alijiunga na jeshi. Mshahara wa askari wa daraja la chini ulikuwa dola 21 kwa mwezi.

Tarehe 9 Januari 1942 alimmaliza Buddy Baer katika raundi ya kwanza na kukabidhi malipo yake, kiasi cha dola 47,000, kwa mfuko wa misaada wa jeshi la majini. Tarehe 27 Machi, siku chache baada ya kodi ya 1941 kuanza kudaiwa, alimwangusha Abe Simon na kutoa dola zipatazo 36,000 kwa mfuko wa jeshi la nchi kavu. Jeshi la majini wakati huo liliwaruhusu weusi kufanya kazi za jikoni na kuhudumia meza za maofisa, basi. Watu wake walimuuliza anapigania nini. Alijibu kuwa anapigania nchi yake. Alisema pia kwamba Marekani ina makosa mengi, ila Hitler hatayarekebisha.

Kwa nini sadaka ikatozwa kodi? Wengi hulielezea jambo hili kama ukatili tu, lakini lilikuwa na utaratibu wake. Katika sheria ya kodi ya Marekani, pato ni la aliyelitolea jasho. Ukiagiza lipelekwe kwa mwingine kabla halijafika mkononi mwako, bado linahesabiwa kuwa lako. Kisha unaruhusiwa kuondoa misaada uliyotoa, lakini siku hizo mtu binafsi hakuweza kuondoa zaidi ya asilimia 15 ya mapato yake halisi. Kwa tajiri anayetoa sehemu ndogo ya utajiri wake, kikomo hicho si kitu. Kwa bondia aliyeingia jeshini, ambaye karibu kila alichopata mwaka huo alikitoa, kikomo hicho kiliacha sehemu kubwa ya sadaka ikisimama kama mapato. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili yake, wala haikuwa na jicho la kumwona.

Hata hivyo hesabu haidanganyi. Jumla ya michango ile ni kama dola 83,000. Kiwango cha juu kabisa cha kodi mwaka 1942 kilikuwa asilimia 88. Hata ukikazia kila dola kwa kiwango hicho, jambo lisilowezekana, unapata dola 73,000 hivi. Mwisho wa vita, kodi aliyodaiwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 100,000, na Jacobs naye akasema anamdai 250,000. Mdai mkubwa zaidi wa Louis mwaka 1945 alikuwa promota wake.

Vita vilimfanyia jambo jingine baya lisilotajwa sana: viliwaondoa watu wake. Blackburn alifariki Aprili 1942, wiki chache baada ya pambano la Simon. Roxborough alifungwa kwa kesi ya bahati nasibu haramu. Louis alizunguka kambi za jeshi, akacheza mapambano ya maonyesho yapatayo 96 mbele ya karibu askari milioni mbili, akatumia jina lake kumsaidia Jackie Robinson, baadaye nyota wa besiboli, na wenzake weusi kuingia mafunzo ya uofisa katika kambi ya Fort Riley, na akatoka na nishani ya Legion of Merit. Zaidi ya miaka minne bila pambano kubwa la malipo, akiwa na miaka kati ya 27 na 32. Bondia hana miaka mingine ya kufidia hiyo.

Pesa kubwa kuliko zote ikaja tarehe 19 Juni 1946, marudiano na Conn, pambano la kwanza la ubingwa wa uzito wa juu kuonyeshwa kwenye televisheni. Lenyewe lilikuwa la kuchosha, Conn akaenda chini raundi ya nane. Lakini fungu la Louis lilikuwa dola 600,000. Mameneja wakachukua 140,000. Marva, mkewe waliyekuwa wameachana, akapata 66,000 kwa makubaliano ya talaka. Jimbo la New York likakata 30,000. Kisha Jacobs na daftari lake. Na juu ya vyote hivyo, kodi ya shirikisho ya pato la mwaka mmoja lililovimba namna hiyo, ambayo kwenye ngazi za juu ilizidi asilimia 80.

Ni katika mwaka huo, 1946, kisa kilipopinda, na kumbukumbu zetu zimeng'ang'ania 1942 kwa sababu kule kuna bendera na sadaka. Laki sita ziliingia kama pato la mwaka mmoja, baada ya miaka minne ya karibu sifuri. Zingegawanywa katika miaka mitano, pamoja na ile ambayo alikuwa hapigani, kila mwaka ungebeba laki na ishirini, na kodi ingekuwa nyepesi zaidi. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mtu kufanya hivyo. Mfanyakazi anayepata kidogo kidogo kwa miaka 30 na bondia anayepata yote katika usiku mmoja walipimwa kwa mizani ile ile ya mwaka, na mizani hiyo humwelemea bondia.

Alipata shida kwa Jersey Joe Walcott mwishoni mwa 1947, akaangushwa mara mbili na kupewa ushindi na majaji waliogawanyika. Juni 1948 akammaliza raundi ya 11. Tarehe 1 Machi 1949 akatundika glovu akiwa bingwa. Laiti kisa kingeishia hapo.

Mei 1950 idara ya mapato ikamaliza kukagua hesabu zake za miaka ya nyuma. Pamoja na riba na faini, ikasema, anadaiwa zaidi ya dola 500,000. Wakili wake, Truman Gibson, akajadiliana nao, na makubaliano yakawa kwamba Louis arudi ulingoni na kila kinachobaki baada ya gharama kiende serikalini. Alikuwa na miaka 36.

Tuifanye hesabu, kwa mfano tu. Tarehe 27 Septemba 1950 alipigana na Ezzard Charles, bingwa mpya, kwa malipo ya kiasi cha dola 100,000. Mtu asiye na mke mwenye pato la namna hiyo alidaiwa zaidi ya nusu yake kama kodi ya mwaka huo huo. Ukiacha gharama za kambi, makocha na wasaidizi, tuseme alibakiwa na 40,000 za kupunguza deni la zamani. Riba ya kisheria ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka, na asilimia 6 ya nusu milioni ni 30,000. Usiku mmoja wa kupigwa ngumi raundi 15 ungepunguza deni kwa dola 10,000, kama alipigana mwaka huo tu na hakula chakula. Akipeleka chote kwenye deni la zamani, kodi ya mwaka mpya inabaki bila kulipwa nayo inaanza kuzaa. Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Deni hili lilikuwa limepangwa kwa namna ambayo kulipa kwenyewe kulizaa deni jingine.

Na usiku ule na Charles haukuwa mzuri. Charles alishinda kwa pointi nyingi, na picha za mwisho zinamwonyesha Louis akiwa na uso uliovimba. Ndiyo mara ya kwanza kupoteza tangu Schmeling. Mtu mwenye chaguo angeacha. Yeye alishinda mapambano manane yaliyofuata, mengi dhidi ya watu ambao zamani wasingemchukua raundi tatu, hadi tarehe 26 Oktoba 1951 alipokutana na Rocky Marciano katika Madison Square Garden. Marciano alikuwa na miaka 28, Louis 37. Raundi ya nane Marciano alimtoa nje ya kamba, na mwamuzi akasimamisha. Marciano mwenyewe alikuwa amekua akimhusudu Louis, na inasemekana alimwendea baadaye chumbani huku analia.

Yaliyofuata niyapitishe haraka, maana husimuliwa mno na kwa furaha isiyopendeza. Mama yake alipofariki mwaka 1953 akamwachia dola 667, idara ikazichukua. Mwaka 1956 akaingia mieleka ya kulipwa, akaiacha alipogundulika kuwa na tatizo la moyo. Alionekana kwenye michezo ya maswali ya televisheni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 deni na riba yake vilipita dola milioni moja, yaani lilikuwa limekua maradufu huku mdaiwa akilipa.

Mwaka 1959 alimwoa Martha Jefferson, mwanasheria wa Los Angeles. Haikupita muda mrefu, mkuu wa idara ya mapato, Dana Latham, akasema hadharani kwamba wamekwisha kupata walichoweza kupata kutoka kwa Louis na kwamba siku zake za kuchuma zimekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakakubali kutoza kulingana na kipato chake cha wakati huo. Uwezo wa kupatana na mdaiwa asiyeweza kulipa ulikuwamo kwenye sheria za Marekani tangu karne ya 19. Wangeweza kuutumia 1950. Badala yake walimwona mtu mwenye misuli, wakadhani ana mtaji.

Baadaye rafiki yake wa jeshini alimpatia kazi ya kukaribisha wageni katika hoteli ya Caesars Palace huko Las Vegas. Wengi hulihesabu hilo kama aibu. Mimi silioni hivyo: alilipwa, aliheshimiwa, alicheza gofu. Kilichomtesa zaidi ni ugonjwa wa akili na dawa za kulevya, hadi mwaka 1970 familia ikalazimika kumlaza hospitali huko Denver. Alifariki tarehe 12 Aprili 1981. Rais Ronald Reagan aliondoa masharti ili azikwe katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, na Schmeling, adui wa magazeti na rafiki wa maisha, alichangia gharama za mazishi.

Lawama? Kwangu ya kwanza ni ya Jacobs, kwa sababu alijua hesabu na aliendelea kutoa, maana bondia anayedaiwa hahami kwa promota mwingine. Mameneja wanafuata. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, mapambano ya Louis yalimwingizia zaidi ya dola milioni 4.6, na yeye mwenyewe alibakiwa na kama 800,000. Louis naye hawezi kuachwa kando. Alisaini asivyosoma, alimpa kila aliyemwomba, na mwaka 1949 aliposhiriki kuuza haki za ubingwa kwa kundi la mfanyabiashara James Norris alipata fungu jingine nono ambalo halikuokoa chochote.

Kuhusu serikali, sidhani kwamba maofisa wake walimwinda. Walikuwa na kanuni mbili zilizomfunga, kikomo cha asilimia 15 na pato la mwaka mmoja kutogawanywa, na hakuna ofisa wa mapato aliyekuwa na mamlaka ya kuzibadilisha. Ya pili ilirekebishwa na Bunge la Marekani kwa sheria ya kodi ya mwaka 1964, iliyomruhusu mtu aliyepata mkupuo mkubwa ndani ya mwaka mmoja kuhesabiwa kwa wastani wa miaka mitano. Iligusa mapato ya kuanzia mwaka huo. Louis alikuwa anatimiza miaka 50, na pambano lake la mwisho lilikuwa miaka 13 nyuma.